Saa Moja Kati ya Lisbon na Paris

Tarehe ishirini na tano Juni, siku yangu ya mwisho kazini, nilikuwa nimeketi katika ofisi yetu ya tiketi mtaa wa Al-Murabba, Riyadh, nikimkabidhi Zuhura daftari langu la safari. Zuhura ni Mtanzania, mama wa watoto wawili, aliyekata tiketi Dar es Salaam kwa miaka minane kabla ya kuja huku. Ndiye aliyerithi meza yangu. Alilifungua daftari karibu na mwisho, akasoma ukurasa mmoja kimya, akaandika kitu pembeni kwa penseli, kisha akanisogezea.

"Dada Saumu, hapa pana saa moja haipo," alisema. "Imekwenda wapi?"

Ulikuwa ukurasa wa mwezi Aprili, wa mwanamke aitwaye Nduku, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Machakos, aliyeachwa na ndege mjini Paris na kwa sababu hiyo hakumzika baba yake. Kwa wiki kumi mimi, yeye mwenyewe na ukoo wake tuliamini kwamba alichelewa kwa uzembe. Zuhura alikuwa ameniandikia, kwa mwandiko mdogo wa adabu, kwamba mwenye kosa ni mimi.

Nitalieleza jambo hilo mahali pake. Wenzangu mnaobaki mliniomba niandike miaka yangu ya kazi, na ni vyema mjue kwanza kosa lile lilitoka katika mikono ya namna gani. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa viwili, na mishahara mnaijua kwa sababu ndiyo mnayolipwa ninyi.

Nilifika Jeddah kutoka Mombasa nikiwa na stashahada ya utalii, mume aliyekuwa karani wa kampuni ya meli, na imani kwamba ninaijua ramani. Ofisi iliyoniajiri ilikuwa na sehemu ya wanawake ghorofani, yenye mlango wake na ngazi zake, na kiyoyozi kilichodondosha maji katika ndoo ambayo mgeni wa kazi ndiye aliyeimwaga. Mkubwa wa sehemu hiyo alikuwa Bi Zainabu. Alizaliwa Jeddah na wazazi kutoka Unguja. Hakuwahi kuiona Unguja, lakini Kiswahili chake kilikuwa safi kiasi cha kunifanya nione haya kwa changu.

Siku ya kwanza hakunipa kompyuta. Alinipa tufe la dunia, la plastiki, lililobonyea upande wa Australia, pamoja na uzi wa kushonea wenye mafundo.

"Nipimie Jeddah mpaka New York," alisema.

Ukutani palikuwa na ramani kubwa, nami nikaiendea na rula. Bi Zainabu aliniacha nimalize, nikokotoe jumla yangu kwenye karatasi, ndipo akacheka.

"Mwanangu, ndege hairuki ukutani. Njoo hapa kwenye mviringo."

Kila fundo la uzi ule lilikuwa sawa na safari moja ya Jeddah hadi Riyadh: kilomita mia nane na hamsini hivi, kiasi cha saa moja na dakika arobaini kwa ndege. Ulivuta uzi kutoka mji hadi mji juu ya tufe, ukahesabu mafundo, ukajua kama kile kilichoandikwa kwenye skrini kina akili. Kwa safari ndefu ulipunguza kidogo, maana kupaa na kutua hutokea mara moja tu hata ukienda mbali kiasi gani. Wahindi wa ofisi ya chini walitucheka. Hata hivyo, nimewahi kumwona karani mwenye skrini mbili akimwandikia abiria safari ya dakika hamsini kati ya miji iliyoachana mafundo matatu, na asishtuke.

Bi Zainabu alinifundisha pia kwamba muda wa ratiba huanza pale ndege inapoondoka ilipoegeshwa, wala si inapopaa, na huisha inapoegeshwa tena. Na kwamba kiwanja kikubwa kinaweza kukutembeza kwa magurudumu robo saa nzima baada ya kutua. Abiria hupiga makofi ndege ikigusa ardhi. Karani mwenye uzoefu hapigi makofi mpaka mlango ufunguliwe.

Mume wangu alipohamishiwa Riyadh nilimfuata, nikapata meza Al-Murabba, karibu na Al-Batha. Wateja wangu wakawa ni Wakenya: wanawake wanaoishi na kufanya kazi katika nyumba za Al-Naseem, na wanaume walinzi na madereva wa maghala ya Al-Sulay. Wengi walikuja Ijumaa. Wengine hawakuja kabisa. Madam zao walipiga simu, wakasema jina, tarehe na "yalla", yaani haraka, wakakata.

Katika madereva hao alikuwapo Musyoka, ambaye alitumwa Jeddah mara kwa mara na bosi wake kufuata magari bandarini. Alikuwa anaogopa ndege kwa dhati, na aliniomba kila mara nimtafutie iliyo na dakika chache kuliko zote.

"Dada Saumu, nieleze kitu kimoja," aliniambia siku moja, ameshika tiketi mbili mkononi kama mwalimu aliyekamata wanafunzi wawili wamenakiliana. "Kwenda Jeddah dakika nyingi, kurudi dakika chache. Kwani kuna njia ya mkato ya kurudi?"

"Ni upepo, kaka. Kule juu unavuma kutoka magharibi. Ukienda unakukabili, ukirudi unakusukuma."

"Na rubani anajua?"

"Anajua."

"Basi angojee upepo upoe! Mimi lori langu likikuta mchanga si nangoja?"

Nilimweleza kwa utaratibu. Alinisikiliza kwa heshima zote, na mara iliyofuata akauliza tena.

Sasa kuhusu mazoea. Kwa miaka zaidi ya ishirini niliuza takriban njia zile zile: Riyadh hadi Nairobi moja kwa moja, au kupitia Addis Ababa, au kupitia Doha. Tazameni saa za miji hiyo minne. Ni saa moja. Saa ya Riyadh ndiyo ya Nairobi, ndiyo ya Addis, ndiyo ya Doha, kiangazi na kipupwe, na hakuna anayeisogeza mbele wala nyuma. Njia za Dubai, ambako saa hutofautiana, zilikuwa za meza ya jirani. Mimi nilichukua saa ya kuondoka, nikajumlisha muda wa safari, nikapata saa ya kufika. Sikuwahi kukosea hata mara moja. Jambo ambalo halijakukosesha kwa miaka ishirini huacha kuwa hesabu. Huwa tabia kama kufunga vifungo vya nguo.

Nilikuwa na desturi nyingine, ambayo niliionea fahari na bado naionea. Kila mwanamke niliyemkatia tiketi ya kwenda nyumbani nilimwandikia karatasi ya safari kwa mkono, kwa Kiswahili, kwa saa za Kiswahili. Ukishuka fuata watu wenye mabegi. Usimpe mtu pasipoti yako akuwekee. Utafika saa fulani, una muda kadha, lango lako ni lile. Wengi wao hawakuwa wamepanda ndege zaidi ya ile iliyowaleta. Karatasi hizo zilikunjwa, zikawekwa ndani ya sidiria pamoja na ikama, kile kibali cha ukaazi, na zikaaminiwa. Naomba mlikumbuke neno hilo la mwisho.

Mwezi Aprili familia ya Al-Naseem aliyoifanyia kazi Nduku ilikwenda Ureno kwa mapumziko, nayo ikamchukua awatunze watoto. Wakiwa Lisbon, habari zikafika kwamba baba yake amefariki. Mazishi yalikuwa yamepangwa, yakaahirishwa mara moja kwa ajili yake, na ukoo ukasema hayataahirishwa tena: ni Ijumaa, saa nane mchana. Madam wake, mwanamke mwenye haraka lakini asiye na roho mbaya, alinipigia Jumanne.

"Saumu, bwana ameshamkatia ndege ya Lisbon mpaka Paris, Alhamisi. Ile ya bei rahisi, amenunua kwenye simu. Wewe mtafutie Paris mpaka Nairobi, siku hiyo hiyo."

"Anaondoka Lisbon saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Na anafika Paris saa ngapi?"

"Mimi najuaje? Angalia wewe. Halas, yatosha, gari liko nje."

Ndege ile haikuwamo katika mfumo wetu. Nilifungua ukurasa mmoja wa mtandao, wa aina ile inayokupa umbali na muda wa ndege kati ya viwanja viwili: Lisbon hadi Paris, kilomita karibu elfu moja na mia tano, muda wa saa mbili na nusu. Niliupima umbali huo kichwani kwa mafundo ya Bi Zainabu. Ulikuwa chini kidogo ya mawili. Umbali ulikuwa sahihi, na muda ulikuwa sahihi. Nikachukua saa nne, nikajumlisha mbili na nusu, nikaandika kwenye daftari: anafika Paris saa sita na nusu. Ndege ya Nairobi ilikuwa saa nane na dakika kumi. Saa nzima na dakika arobaini, nikasema, zinatosha kuchukua begi na kulikabidhi tena. Nikamwandikia karatasi yake, nikaipiga picha, nikamtumia, naye akachapishiwa hotelini.

Alhamisi hiyo, Riyadh ikiwa imeshapita saa tisa na nusu alasiri, simu yangu iliita. Nyuma ya sauti yake nilisikia matangazo ya kiwanja.

"Dada Saumu, nimeachwa."

"Umeachwaje? Ulikuwa na muda wa kutosha."

"Sijui, dada. Nilifika kaunta wakasema imefungwa. Niliwaonyesha karatasi yako. Yule msichana akaikunja vizuri akanirudishia."

"Ulisimama wapi?"

"Nilisubiri begi. Halafu nikaingia choo nikavaa nguo nyeusi, ndiyo nishuke Nairobi nikiwa tayari. Labda hapo. Labda nilikaa sana."

"Nduku, karatasi ilisema usisimame popote," nilimwambia.

Nayaandika maneno hayo jinsi nilivyoyasema. Sikupaza sauti. Nilikuwa karani mwenye uzoefu akimkumbusha abiria utaratibu, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko kosa la hesabu.

"Ni kweli, dada," alisema. "Pole kwa kukusumbua."

Nilimpatia nafasi katika ndege ya kesho yake, saa ile ile. Alilala kwenye viti vya kiwanja. Siku ya pili baba yake alishushwa kaburini saa nane za Machakos, na wakati huo yeye alikuwa kwenye lango Paris, amevaa nguo zake nyeusi, akisubiri kuitwa apande. Alifika kwao alfajiri ya Jumamosi.

Yaliyofuata niliyapata kwa Musyoka, ambaye kwao ni jirani na kina Nduku. Alikuja ofisini mwezi Mei, akaketi bila kuuliza habari za upepo.

"Kule nyumbani mambo ni mabaya," alisema. "Kaka yake mkubwa, Mwalimu Kioko, amesimama mbele ya watu akasema: 'Sisi tulikuwa tunatupa udongo, yeye alikuwa anapiga picha Paris.' Watu wakacheka, dada. Matangani."

"Na Nduku alisema nini?"

"Angesema nini? Amewekewa mbuzi wa faini. Desemba aje naye, aombe msamaha mbele ya ukoo, ndiyo aonyeshwe kaburi. Saa hii hajui hata baba yake amelazwa upande gani."

Nilisikitika, kwa namna ambayo mtu husikitikia jambo lisilomhusu. Niliona adhabu ni kali kidogo kwa kosa la choo.

Hivyo ndivyo tulivyofika tarehe ishirini na tano Juni, na penseli ya Zuhura. Nilimwambia kwamba muda wa saa mbili na nusu nimeuhakiki.

"Muda ni sawa," alisema. "Lakini Lisbon si Paris, dada yangu. Lisbon wako nyuma saa moja, mwaka mzima. Ukiondoka Lisbon saa nne, Paris ni saa tano tayari. Wewe umejumlisha kama watu wa Nairobi."

Nilichukua penseli, nikafanya hesabu upya. Nikaifanya tena, kwa kuanzia mwisho. Zuhura aliinuka akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba, jambo ambalo nililiona ni la kistaarabu.

Jioni hiyo nilimpigia Nduku, ambaye alikuwa amerudi kazini Al-Naseem tangu Mei. Nilimsikia akifunga mlango wa jikoni.

"Nduku, mwezi wa nne ulipotua Paris, uliangalia saa?"

"Niliangalia simu. Ilisema saa saba na nusu."

"Na karatasi yangu ilisema saa sita na nusu. Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri simu imeharibika." Alicheka kidogo. "Ilikuwa imeangushwa na mtoto wa madam. Nikasema, Dada Saumu hakosei, hii ni simu. Ndiyo nikaenda polepole."

"Simu ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea. Hukuchelewa."

Nilisikia maji yakitiririka kwenye sinki, kisha yakafungwa.

"Hata ile ya choo?"

"Hata usingeingia choo. Hata ungekimbia."

"Dada, miezi miwili hii naomba Mungu anisamehe kwa ile nguo nyeusi." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nimeshaongea na mtu wa mbuzi."

"Nitampigia kaka yako sasa hivi."

"Usimpigie. Akisikia sauti ya mwanamke kutoka Saudia atasema ni rafiki yangu nimemtuma. Kioko ni mwalimu, anaheshimu karatasi. Wewe si ndiye wa karatasi? Mwandikie. Mwandikie vizuri, asome mbele ya wale waliocheka."

"Umenikasirikia?"

"Nimekasirika sana," alisema. "Lakini andika kwanza."

Ningependa kusema kwamba niliandika usiku huo. Nilirudi Mombasa, nikafungua mizigo, nikapanga vikombe, nikaandika barua nne ambazo sikuzituma. Ya kwanza ilieleza mzunguko wa dunia. Ya pili ilieleza uzoefu wangu wa kazi. Ya tatu ilimtaja bwana aliyenunua tiketi ya bei rahisi, na ya nne ilikuwa ndefu kiasi kwamba kosa lenyewe lilipatikana ukurasa wa tatu. Karani akitaka kuficha saa moja, huificha ndani ya maelezo. Mwisho wa Julai Musyoka alikuja likizo, akanipitia Mombasa akielekea kwao, akaniuliza mlangoni, kabla ya salamu kwisha, kama barua iko tayari. Nikamwambia aketi. Niliiandika akiwa anakunywa chai, nikamkabidhi pamoja na ukurasa wa daftari wenye hesabu yangu na penseli ya Zuhura. Nakala yake ni hii.

*Kwa Mwalimu Kioko na familia yote ya marehemu,*

*Naitwa Saumu. Mimi ndiye niliyempangia Nduku safari ya kuja kumzika baba yenu. Nilimwandikia kwa mkono wangu kwamba atafika Paris saa sita na nusu, naye akaniamini. Ndege yake ilifika saa saba na nusu, kama ilivyopangwa tangu mwanzo, kwa sababu saa ya Paris iko mbele ya saa ya Lisbon, na mimi nilisahau kuihesabu. Kaunta ya ndege ya Nairobi ilifungwa saa saba na dakika kumi. Wakati huo dada yenu alikuwa bado angani.*

*Hakupiga picha. Hakusimama mahali popote ambapo pangebadilisha jambo. Muda mfupi aliokaa, alikuwa anavaa nguo za msiba ili ashuke kwenu akiwa tayari. Siku ile alinipigia kutoka kiwanjani, nami nikamlaumu. Kwa hiyo, nilimkosea mara mbili, na ninyi mlimlaumu kwa kuwa mimi nilinyamaza.*

*Nawaomba barua hii isomwe kwa sauti, mbele ya watu wale wale. Nawaomba pia mumwonyeshe kaburi bila sharti.*

*Mbuzi wa faini ni wangu. Nitamleta mwenyewe mwezi wa Desemba. Sijawahi kufika kwenu. Tafadhali nielekezeni njia, na mniambie ni mwendo wa saa ngapi.*